TUWAHESABU NA WALIOPONA

Tangu uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961, tumewataja maadui wetu watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Vita haviendeshwi kwa kubahatisha. Jemadari hutaka kujua askari wangapi wamekwenda na wangapi wamerudi. Katika vita vya saratani twahesabu waliokwenda. Hesabu ya taifa zima ya waliorudi bado hatuna.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wagonjwa wapya wa Tanzania walizidi 40,000, na waliokufa walikaribia 27,000. Mtu aweza kutoa akasema waliobaki ndio waliopona. Sivyo! Wengi wa waliokufa mwaka ule waliugua miaka ya nyuma, na wengine walioanza kuugua mwaka ule walikufa baadaye. Hesabu ya kweli ni hii: wachukue watu 100 waliogunduliwa kuwa na saratani, wafuatilie miaka mitano, kisha uulize wangapi wangali hai.

Twatazame watoto. Shirika la Afya Duniani lasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika hilo liliweka shabaha: wafike 60 ifikapo mwaka 2030. Asisimame mtu akasema ni majaliwa yetu. Uvimbe wa taya wa watoto wa Afrika ulielezwa na daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, mwaka 1958, na dawa za kuuponya zilijaribiwa papa hapa Afrika Mashariki. Basi mtoto wa Mapinga haponzwi na asili yake. Huponzwa na kucheleweshwa, na kukatiza dawa, na kukosa nauli.

Kwa watu wazima, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu. Nayo hugunduliwa mapema kwa kupimwa, na tangu mwaka 2018 chanjo yake hutolewa kwa wasichana nchini kote. Hata hivyo wengi hufika Ocean Road ugonjwa umekwisha kuenea.

Hesabu hupotelea wapi? Mgonjwa hupigwa mionzi Ocean Road, akapanda gari kurudi Mapinga, Kerege au mbali zaidi. Asiporudi kliniki, jalada lake hulala kabatini. Hospitali haijui kama amepona, amekufa au amekosa nauli. Lakini mjumbe wa nyumba kumi ajua!

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, Serikali itangaze kila mwaka hesabu ya waliopona, watu wazima mbali na watoto mbali, hata ikiwa hesabu hiyo yatia aibu. Pili, hospitali ziwe na watu wa kuwafuatilia wagonjwa mpaka vijijini. Tatu, kila tawi letu lisaidie kazi hiyo kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe, maana siri ya ugonjwa ni yake, wala si habari ya barazani. Na limchangie nauli anayetaka kukatiza matibabu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali yahitaji daftari, je, watu?