Je, chanjo ya homa ya ini ina virusi ndani yake?

Mtoto akifikisha wiki 6, baadhi ya wazazi hukaa kwenye benchi la kliniki na hofu moja: kama chanjo ya Penta inakinga homa ya ini aina ya B, si ina maana sindano hiyo ina virusi vya ugonjwa huo?

Hapana. Kilichomo ni sehemu ya ganda la kirusi tu, na ganda hilo halitoki kwa mgonjwa. Hutengenezwa na hamira.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chanjo ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na damu ya watu wenye maambukizi. Ilisafishwa kwa hatua kadhaa, lakini wengi waliiogopa.

Wanasayansi wakageukia jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Kutoka kwenye DNA ya kirusi walichukua jeni ya ganda peke yake. Waliikata kwa vimeng'enya vinavyofanya kazi kama mkasi, wakaiunga kwenye DNA ndogo yenye umbo la pete, kisha wakaiingiza ndani ya hamira ya jamii ileile inayoumua maandazi.

Hamira huongezeka haraka, na kila inapogawanyika jeni hiyo nayo hunakiliwa. Ikazalisha ganda kwa wingi, likachujwa na kusafishwa. Chanjo hiyo iliidhinishwa mwaka 1986, na njia hiyo ndiyo inayotumika hata kwa Penta.

Ganda peke yake haliwezi kuzaliana wala kuambukiza. Mwili wa mtoto hulitambua kuwa ni mgeni na kuandaa kinga. Anaweza kupata homa kidogo au uvimbe alipochomwa, lakini si homa ya ini.

Hatari iko kwa asiyechanjwa. Kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, takriban 9 hubaki na virusi hivyo kwa muda mrefu, na ukubwani vinaweza kuleta saratani ya ini.

Kwa Tanzania na Kenya, Penta hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Dozi moja haitoshi. Mzazi, fungua kadi ya mtoto leo. Ukikuta nafasi tupu, mpeleke kliniki hata kama tarehe imepita.