Vita vya Panzi, Kunguru Tunalala na Njaa

"Hawa watoto kawazaa lini?"

Swali lilitoka benchi la nyuma, na hakuna aliyeweza kulijibu. Tulikuwa zaidi ya watu ishirini tumebanana katika kibanda cha video huku Ng'ambo, Unguja, mwaka 2022, kila mmoja ametoa kiingilio chake, tunaangalia Doctor Strange in the Multiverse of Madness. Wanda, tuliyemwacha 2019 akiwa upande wa haki kwenye Avengers: Endgame, sasa anaua watu ovyo kwa sababu anawataka wanawe wawili. Wanawe wepi? Tukatazamana. Mzee mmoja akamwambia mwenye kibanda, "Mwanangu, hujaruka kipande?" Kijana wa watu akaapa kwamba ameiweka yote, tangu herufi ya kwanza.

Siku ya pili yake, mpwa wa mmoja wetu anayesoma Dar es Salaam akatufumbulia kwa simu. Wale watoto walizaliwa ndani ya WandaVision, tamthilia ya vipande tisa iliyotoka 2021 kwenye Disney+, huduma ya kulipia kila mwezi. Kumbe asiyelipia huko, filamu ilikuwa imeshampita kabla hajakaa kitako. Tulilipa kiingilio cha sura ya katikati ya kitabu ambacho hatujakishika.

Hapo ndipo tulipoanza kunung'unika, na mpaka leo hatujanyamaza. Tunaosema ni sisi tunaokaa barazani Soko Muhogo jioni kwa kahawa na kashata, na wenzetu wa Kikwajuni, Mwembeladu, Bububu hadi Mkokotoni. Msitudhanie kuwa tunazichukia filamu za mashujaa. Tunazipenda, na watoto wetu wanazipenda zaidi. Kituo chetu cha kahawa kinaitwa Jaws Corner kwa ajili ya filamu ya papa ya 1975. Mapenzi ya sinema hatukuyaokota jana. Tunachokilalamikia ni ugomvi wa wachapishaji wawili wa vitabu vya katuni wa Marekani, DC na Marvel, ambao mzigo wake umeangukia mabega ya mtazamaji.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wafanyabiashara wawili wakishindana, mnunuzi hupata nafuu: bei hushuka, mali huwa bora, kila mmoja humbembeleza mteja aje kwake. Ukitaka kuliona hilo, nenda Darajani asubuhi wauza samaki wakiwa wengi. Basi panzi hawa wamepigana miaka na miaka, na sisi kunguru tunalala na njaa.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. DC ndio wenye Superman, aliyetoka katika kitabu cha katuni 1938, na Batman aliyemfuata 1939. Vijana wawili waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake kwa dola 130. Marvel wakaja kwa kishindo miaka ya sitini: Fantastic Four 1961, Spider-Man 1962, Black Panther 1966. Wakati huo walishindana kwa wino na karatasi, na kila kitabu mtoto aliweza kukinunua kwa senti zake za mfukoni. Mwaka 1996 Marvel wakafilisika. Walikuwa wameshaanza kuuza haki za filamu za mashujaa wao, wakaendelea kuuza: X-Men wakaenda kwa Fox, Spider-Man akaenda kwa Sony. Mwaka 2008 wakatoa Iron Man kwa mkono wao wenyewe, na mwaka uliofuata Disney wakakubali kuwanunua kwa takriban dola bilioni 4. DC nao walikuwa wameshamezwa zamani na Warner. Tangu hapo katuni imekuwa mbegu tu; shamba ni sinema.

Sisi wa Unguja mwaka 2008 tunaukumbuka kwa sababu nyingine. Iron Man ilitoka Mei, na Mei hiyohiyo umeme unaokuja kwetu kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulikatika, kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi. Wenzetu duniani walikuwa wanaanza kuufuata mnyororo huu wa filamu za Marvel zinazoshikana, sisi tunatafuta mafuta ya taa. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, safari hiyo miezi mitatu. Waliotangulia wakawa wanahesabu filamu ya pili na ya tatu, sisi tunabahatisha. Kwa sinema ya zamani hasara hiyo isingekuwa kubwa: unaikosa hii, unaiona ile. Kwa mnyororo huu, ukikosa pete moja umepotea njia. Endgame ilikuwa filamu ya 22. Kufikia Julai 2025, ilipotoka Fantastic Four, zilikuwa zimefika 37, ukiacha tamthilia. Nani ana muda huo? Mvuvi wa Malindi anayetoka baharini alfajiri? Mama muuza maandazi anayewasha moto kabla ya adhana?

DC walipoona mwenzao anavuna, badala ya kutafuta njia yao wakaiga, tena mbiombio. Batman v Superman na Captain America: Civil War ya Marvel zote mbili ziliwahi kupangiwa kutoka siku moja, tarehe 6 Mei 2016, mpaka DC wakaiwahisha yao Machi. Tazama na visa vyenyewe: huku shujaa anapigana na shujaa, na kule shujaa anapigana na shujaa. Dunia nzima ina hadithi, na hawa wakubwa wawili wametuletea hadithi moja mwaka mmoja.

Kisha ikaja hii tabia ya kuvunja nyumba na kujenga upya kila mara. Batman alikuwa Christian Bale, akawa Ben Affleck, akawa Robert Pattinson. Superman alikuwa Henry Cavill tangu 2013. Mwaka 2025 ni David Corenswet. Spider-Man katika miaka 20 amekuwa watu watatu, na 2021 wakatuletea wote watatu kwa mpigo, ili asiyewajua wale wa mwanzo ajione mgeni katika harusi ya watu. Mtoto wa miaka minane anamwuliza mmoja wetu, "Babu, Batman wa kweli ni yupi?" Amwambie nini? Kila ajaye anaanza msingi mpya, na sisi tuliokwishalipia paa la ile ya kwanza hatuambiwi hata samahani.

Lililotuuma kuliko yote ni la Agosti 2022. Warner Bros. Discovery walikuwa na filamu ya Batgirl, imeshapigwa, gharama yake imetajwa kuwa kama dola milioni 90. Wakaifungia kabatini isionekane na mtu, kwa hesabu zao za fedha na kodi. Habari hiyo tuliisoma hapa barazani mara mbili, tukidhani tumeielewa vibaya. Mpishi gani hupika biriani la watu elfu, akalifukia shimoni, na wageni wamekaa jamvini?

Tunaumia hivyo kwa sababu mji huu uliujua ushindani wa sinema uliomheshimu mtazamaji. Vuga ilikuwako Royal, iliyofunguliwa 1921. Ikaungua 1953, na 1955 ikasimama Majestic mahali pake. Malindi ilikuwako Sultana ya 1951, ambayo baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Ilikuwako na Empire. Wazee wetu wanasimulia Jumapili za filamu za Kihindi, Awara na Mother India: wanawake wamejitia mabuibui na udi, tiketi zinalanguliwa mlangoni, watu wamejaa hadi barabarani. Wanasimulia pia kwamba filamu ikipendwa sana ilionyeshwa kumbi mbili usiku mmoja kwa nakala moja: mkanda ukimalizika huku, kijana anaupakia kwenye baiskeli na kukimbia nao kule. Wapinzani wa biashara wale, lakini walijua kwamba mteja ni wa wote na hastahili kurudi nyumbani kapa. Na filamu ilikuwa na mwisho. Taa zikiwaka, uliondoka unalia au unacheka, na kisa chako kimetimia.

Leo Majestic ni gofu lisilo na paa, ingawa wapo watu wema wanaohangaika lirudi. Cine Afrique na Empire ziligeuzwa mahali pa biashara. ZIFF, tamasha la filamu lililoanza 1998, limetuonyesha kwamba watu wa Unguja wakitandikiwa kitambaa cheupe Ngome Kongwe wanajaa. Kiu ipo. Lakini kwa filamu hizi za mabilioni, wengi wetu tuna njia tatu: kupanda boti kwenda Dar es Salaam na kulipa nauli inayozidi tiketi mara nyingi, kumpelekea kijana wa dukani flashi akujazie, na nusu ya alizoweka zina vichwa vya watu vinapita mbele, au kibanda cha video.

Na kibandani tunakwenda kwa sababu ya Kiswahili. Lazima tuwashukuru hadharani wasimuliaji kama Lufufu huku Tanzania na DJ Afro kule Kenya, waliokaa nyuma ya filamu za watu na kuzieleza kwa lugha yetu, hata bibi asiyejua neno la Kiingereza akacheka pamoja na wajukuu. Kazi hiyo wameifanya wao, wakati makampuni yenye mabilioni hayakushughulika na masikio yetu. Filamu ya Black Panther ya 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Tulimwona Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, na tukavimba vifua; tulisikia Kixhosa kikisemwa kwa fahari, na tukafurahi kwa ndugu zetu wa kusini. Tukasubiri zamu yetu. Tulichojua baadaye ni kwamba Disney hao hao, wenye Marvel, walisajili maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yao ya biashara ya nguo huko Marekani mwaka 2003. Maneno yanayoning'inia kwenye kila fulana ya duka la watalii mjini kwetu! Kuchukua maneno mawili wanajua. Kutuwekea maandishi ya Kiswahili chini ya picha, watu wote wa pwani hii hadi Kongo, hawana nafasi.

Lawama hatuwatupii wao peke yao. Katuni sisi tulikuwa nazo. Tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, tukawa na jarida la Sani lenye Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru, tukawa na Kingo wa James Gayo. Nyuma zaidi, jarida la African Film lilipotuletea mpelelezi Lance Spearman kwa hadithi za picha, Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, hakukaa kulalamika. Alianzisha Film Tanzania, kwa Kiswahili, watu wakasoma. Huo ndio ushindani: mwenzako akileta chake, wewe leta chako kilicho karibu zaidi na msomaji. Leo mtoto wa skuli Unguja anakuchorea Gotham, mji wa Batman, mtaa kwa mtaa, na ukimwuliza Ndumilakuwili anadhani ni methali tu. Wachapishaji wetu mko wapi?

Tuliolelewa hapa tulilelewa na hadithi. Bibi alisema "Paukwa!", tukajibu "Pakawa!", na kwa jibu hilo tulikuwa tumewekeana mkataba: yeye ataleta kisa tangu mwanzo, sisi tutasikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kutuacha na Sungura yuko kisimani, akatuambia asubiriwe mwakani, au twende tukamlipe shangazi kwanza ili tujue kisimani alifikaje. Angefanya hivyo mara moja tu, kesho yake tungelala mapema.

Kwa hiyo Marvel, DC, na yeyote mwingine anayetaka shilingi zetu: gombaneni mtakavyo, ila mjue kwamba mtazamaji si mpagazi wa ugomvi wenu. Andikeni filamu inayosimama kwa miguu yake. Wekeni Kiswahili. Msizike kilichokwishapikwa. Na ninyi wenye uwezo hapa nyumbani, tuinulieni Majestic na mtuchapie katuni zetu.

Sisi tutakuja. Tutavaa vizuri kama wazee wetu walivyovaa Jumapili, na tutatoa kiingilio bila kunung'unika. Tunachotaka ni kisa ambacho watoto wanazaliwa mbele ya macho yetu.