Kabla ya Wati, Tazama Antena

Muulize dereva wa lori aliyepaki Tunduru mjini afunge simu ya upepo ya aina gani, jibu litakuja haraka: tafuta yenye wati nyingi. Mafundi wengi nao husema hivyohivyo. Antena wanaiona fimbo ya kumalizia kazi, ifungwe popote penye nafasi, na ikiwa ndefu ndiyo bora. Imani hii inawapotezea watu fedha, na kwenye njia yetu inaweza kupoteza zaidi ya fedha.

Kutoka Namtumbo hadi Tunduru ni kilomita 193. Lami ipo, na malori ya makaa ya mawe ya Mbinga hupita kwenda bandari ya Mtwara, lakini kuna vipande virefu vya pori, ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji. Lori likizimika kwenye kona gizani, wanaofuata nyuma wanatakiwa kujua papo hapo. Anayesema simu ya mkononi inatosha ana hoja akiwa mjini. Porini, hata mtandao ukiwepo, simu inampata mtu mmoja mmoja. Redio inaupata msafara mzima kwa kauli moja.

Tuziangalie hizo wati. Ukitoka wati 25 ukaenda 50, umeongeza desibeli 3 tu, ambazo kwa anayekusikiliza ni nusu ya hatua moja ya mshale wa redio yake. Nakubali, sauti iliyokuwa ikikwaruza itapata nafuu kidogo. Lakini wati zako hazikusaidii chembe katika kusikia. Antena ndiyo mdomo na ndiyo sikio. Mwenye wati 50 na antena mbovu ni mtu anayepiga kelele huku ameziba masikio.

Kimo ndicho kinacholipa. Mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio hizi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kwenye tambarare tupu, magari mawili yenye antena mita moja kutoka ardhini, yaani kwenye bampa, yana upeo wa kama kilomita 8. Zipandishe antena hizo hadi mita 4, juu ya paa, upeo unakuwa kilomita 16, bila kuongeza wati hata moja. Miti na vilima vya huku vitaipunguza hesabu hiyo, ila havitaigeuza.

Urefu nao hufuata masafa, haufuati ukubwa wa lori. Kwenye megahezi 150, robo ya wimbi ni nusu mita. Redio za CB za madereva wa Marekani zinatumia megahezi 27, ambako robo ya wimbi inakaribia mita 2.75, ndiyo maana utaona fimbo ndefu kwenye saiti mira zao. Kuiga fimbo hiyo kwa redio ya VHF ni kununua kifaa cha kazi nyingine. Hata antena ndefu iliyotengenezwa kwa VHF huibana nguvu ielekee upeo wa macho. Kwenye vilima ile fupi mara nyingi hufanya vizuri zaidi, na haivunjwi ovyo na tawi la mwembe wala paa la kituo cha mafuta.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kufunga. Antena ya robo ya wimbi inahitaji chuma chini yake, na katikati ya paa la chuma ndipo mahali pake. Vichwa vingi vya paa refu vina faiba juu, na sumaku haishiki hapo. Fundi mwenye haraka hutoboa faiba, hukaza nati, huondoka. Redio itawaka, lakini sehemu kubwa ya nguvu itarudi ilikotoka. Weka bamba la chuma chini ya faiba, au funga antena kwenye mkono wa chuma nyuma ya kichwa, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae. Kisha unganisha kichwa na chasisi kwa waya mpana wa ethi, kwa sababu kichwa kimekalia mipira.

Usikubali kuungiwa waya wa televisheni: ule ni wa omu 75, redio inataka 50. Acha waya ulegee kidogo penye bawaba, kwani siku kichwa kitakapolazwa ili injini ifikiwe, uliokazwa utakatika kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Umeme wa lori ni volti 24, wa redio ni 12. Kuzichota 12 kwenye betri moja kati ya mbili huichosha hiyo na kuijaza mwenzake kupita kiasi. Funga konveta na fyuzi.

Mwisho pima SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena. Ikisoma 3, robo ya nguvu inarudi kwenye redio, ikisoma 1.5, inarudi asilimia 4 tu.

Masafa yanahitaji leseni ya TCRA, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Anza na hilo, maana masafa utakayopewa ndiyo yanayoamua antena ikatwe urefu gani. Kisha nunua redio ya kawaida ya wati 25, na fedha iliyobaki iende kwenye antena, waya na fundi mwenye mita ya SWR. Asiye na mita, usimruhusu apande juu ya paa la lori lako.