Malezi ya Wanetu: Kisa cha Nyotani na Binti wa Darasa la Tano



Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo lililotokea hapa Tunduma, ambalo ndani yake sisi wenyewe tulikosea. Twalieleza kwa kuwa twajua kwamba katika nyumba nyingi limekwisha ingia, au liko njiani.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Alasiri, uso umemkunjamana. Akasema: “Maalim, mjukuu wangu afundishwa uchawi shuleni.” Tukamwuliza vipi. Akasema usiku uliopita alimkuta binti huyo, aliye darasa la tano, amekaa mkekani na kitenge cha mamake. Ncha moja ameiita Tunduma na ya pili Lubumbashi, naye azikutanisha huku akinong’ona. Alipoulizwa, alijibu kuwa ndivyo wasafirivyo watu katika kitabu cha mwalimu: huikunja njia, wakafika mara moja. Na babake binti huyo ni dereva wa lori. Wakati ule ulikuwa mwezi wa pili hajarudi kutoka Kongo.

Huku kwetu maneno ya watu kuruka usiku kwa ungo husemwa kila siku, na wako waliodhurika kwa kushukiwa tu. Kwa hiyo hofu ya mzee haikuwa ya kuchekwa. Lakini sisi hatukuuliza zaidi. Tulisema: “Mzuie asiende shule mpaka tuchunguze.” Kisha shughuli zikatushika, na uchunguzi tulioahidi ukalala siku tisa. Siku tisa hizo binti alikaa nyumbani. Madrasani alikuja, akasoma sehemu yake bila kosa. Walakini mtoto aliyezoea kuwa na maswali matatu kwa kila somo hakuuliza hata moja. Ukimya huo ndio uliotuinua kwenda kumwona mwalimu wake.

Tulimkuta kijana mwenye adabu, akatukaribisha na kutueleza yote. Kitabu chenyewe kiliandikwa na Bibi Madeleine L’Engle wa Marekani, nacho kwa Kiingereza chaitwa A Wrinkle in Time. Kilitoka mwaka 1962 baada ya kukataliwa na wachapishaji wengi, na mwaka 1963 kilipewa nishani ya Newbery, ambayo huko hutunukiwa kitabu cha watoto. Mwalimu hukisoma mwenyewe, kisha huwasimulia watoto kwa Kiswahili, sehemu moja kila juma.

Kisa chasimulia binti aitwaye Meg, ambaye babake, mtaalamu wa sayansi, amepotea. Meg, mdogo wake Charles Wallace, na rafiki yao Calvin wavuka anga kumtafuta. Wamkuta amefungwa katika sayari iitwayo Camazotz, ambako watu wote hutenda sawasawa. Hata watoto barabarani hudundisha mipira kwa mpigo mmoja, maana ubongo mmoja mkubwa wawatawala wote. Babake aokolewa, lakini mdogo wake anaswa. Meg arudi peke yake, naye hamkomboi kwa silaha, bali kwa kumpenda.

Na ile njia ya kukunja? Katika kitabu yaelezwa kwa mfano wa nguo na mdudu. Mwalimu aliufanya mfano huo darasani kwa kitenge. Sisimizi akitembea juu ya upindo, safari yake ni ndefu; ukizikutanisha ncha mbili, amefika kwa hatua moja. Huo ndio “uchawi” uliomtisha mzee wetu, na uliotufanya sisi tumzuie mtoto kusoma.

Tulimwambia mwalimu: “Lakini hayo si kweli. Kwa nini kuwasimulia watoto yasiyo kweli?” Hakubishana nasi. Alitupeleka mbele ya ubao, ambao alikuwa ameugawa sehemu tatu: Yanayojulikana, Yaliyobuniwa, na Yanayotafutwa Bado. Kila sehemu ya kisa ikiisha, watoto huyagawa waliyoyasikia na kuyaweka mahali pake.

Katika Yanayojulikana waliandika kuwa nuru ya jua hutufikia kwa muda wa dakika kama 8, na ya nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua huchukua zaidi ya miaka 4. Waliandika pia kuwa uzito wa jua hupinda njia ya nuru: Einstein alilieleza hilo kwa hesabu mwaka 1915, na mwaka 1919, jua lilipopatwa, wataalamu walilipima wakaliona. Katika Yaliyobuniwa waliandika kuwa mtu aweza kusafiri kwa kuikunja anga, na kuwa iko sayari iitwayo Camazotz. Katika Yanayotafutwa Bado waliandika swali: je, wako viumbe hai katika sayari nyingine?

Chini ya ubao palikuwa na hesabu. Mwalimu aliwauliza: lori liendalo kilomita 80 kwa saa, bila kulala na bila foleni ya mpakani, litafika mwezini lini? Watoto walipata siku 200, kwa kuwa mwezi uko mbali kiasi cha kilomita 384,000. Na katika nyota ile ya jirani? Miaka kama milioni 57. Wana wa madereva wakaguna. Hapo ndipo walipofahamu kwa nini mwandishi alilazimika kubuni njia ya kukunja.

Tuliporudi nyumbani tulijihoji. Uongo ni nini? Ni maneno yasemwayo ili msikizaji ayaamini, ilhali msemaji ajua si kweli. Ama kisa, msimulizi na msikizaji wote wajua kuwa ni kisa. Wazee wetu hawakushindwa kuipambanua tofauti hiyo. Katika Alfu Lela Ulela yumo farasi wa mpingo apaaye angani kwa kuzungushwa kishikizo, na kushuka kwa kuzungushwa kingine. Twakisimulia kisa hicho mpaka leo. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alitoa mwaka 1951 kitabu cha Kusadikika, ambayo ni nchi iliyo angani. Nacho kimesomeshwa shuleni bila mtu kuitafuta nchi hiyo kwa darubini. Na mwanamke Mwislamu wa Bengali, Bibi Rokeya, alitunga mwaka 1905 kisa cha nchi ambayo wanawake wake wamelitumikisha joto la jua, kisha mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana wa Kiislamu katika mji wa Calcutta. Aliyebuni hakuwa mvivu wa kutenda.

Hatusemi kuwa kila kitabu chafaa. Mwandishi wa hiki alikuwa Mkristo, na athari ya dini yake imo. Wamo pia mabibi watatu wa ajabu ambao mtoto aweza kuwadhania ni malaika. Mwalimu alikiri hayo, akatuomba tuwaeleze watoto wetu sisi wenyewe madrasani, nasi tukawaeleza. Haikuchukua hata nusu saa.

Juma lililofuata darasa lilikwenda Ndolezi, wilayani Mbozi, kukiona kimondo, nasi tukaandamana nalo pamoja na yule mzee na mjukuu wake. Wasomaji walio mbali na wajue kuwa mkoa wetu wa Songwe unacho kipande cha chuma kilichotoka angani, urefu wake kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Karibu sehemu 90 katika 100 ni chuma, na kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Wageni walianza kuandika habari zake mwaka 1930, ingawa wenyeji Wanyiha, waliojua kufua chuma tangu kale, walikuwa nacho siku zote. Wazee hawakurithi masimulizi ya kuanguka kwake, na kwa hiyo wataalamu husema kilianguka zamani sana.

Mtoto mmoja alituuliza kama hiki ndicho kilichokusudiwa katika Sura ya 57, ambayo jina lake ni Chuma. Ulimi wetu ulitaka kusema ndiyo, tukauzuia. Tulimjibu kuwa wafasiri wameieleza aya ya 25 kwa njia zaidi ya moja, na kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakihitaji kushuhudiwa na jiwe. Hilo nalo tuliliweka katika sehemu yake ya ubao.

Yule mzee alikigusa kimondo kwa kiganja, akakaa kimya kitambo, kisha akamwambia mjukuu wake: “Basi kumbe vitu husafiri kutoka huko.” Binti akajibu: “Ndiyo, babu, lakini hiki hakikukunja njia.” Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la elimu tulilolisikia tangu tulipomzuia.

Enyi wazazi, twawausia matatu. Kwanza, mtoto akija na jambo geni kutoka shuleni, mwendeeni mwalimu siku ile ile. Msingoje siku tisa kama sisi. Pili, msikilizeni mtoto akisimulia, kisha mwulizeni: lipi katika hayo lajulikana, na lipi limebuniwa? Tatu, msiliite uchawi jambo msilolijua, maana neno hilo katika mji wetu huumiza watu.

Tulimwomba radhi binti yule mbele ya wenziwe, na haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wetu. Tukamwuliza pia alikuwa akinong’ona nini usiku ule juu ya kitenge. Alisema alikuwa akitaja miji ambayo babake hupita: Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Kasumbalesa, Lubumbashi; na baada ya kila mji alimsomea Fatiha ili afike salama.

Wabillahi tawfiq.