Dawa za Kusafisha Damu na Tumbo: Je, Zinaondoa Sumu Gani?



Siku hizi gulio halipiti bila kumwona mtu mwenye kipaza sauti na meza iliyojaa chupa. Atawaambieni kwamba miili yenu imejaa sumu. Kichwa kikiuma, ni sumu. Mgongo ukiuma, ni sumu. Mtu akichoka kwa sababu amelima tangu alfajiri, hata huo uchovu ni sumu. Dawa yake ni moja tu: unywe vijiko viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku saba, uharishe, nyongo yote itoke, damu yako iwe safi kama ya mtoto mchanga. Mjini mambo ni hayo hayo, ila yamevaa suti. Huko utakuta juisi za majani mabichi, maji ya ndimu na tangawizi, chai za kupunguza tumbo, na matangazo kwenye simu. Wao huita ditoksi.

Mimi ni tabibu wa zahanati ya kijiji. Nina cheti, si daktari bingwa, na umri wangu haujafika miaka 30. Wengi wanaonijia na maswali haya ni watu ninaowaita baba, mama na bibi. Lakini kazi niliyosomea ni hii, kwa hiyo nitasema wazi: dawa hizo hazisafishi damu, na baadhi ya watu zinawadhuru.

Hebu tuangalie kwanza nani husafisha damu. Kila mtu ana ini, ambalo kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Chakula kilichokwisha kusagwa tumboni hupita kwanza katika ini kabla ya kusambazwa mwilini. Ini ndilo linalovunja pombe. Ndilo linalovunja dawa tunazomeza, na ndilo linalochukua amonia, ambayo ni sumu ya kweli itokanayo na vyakula vya protini kama nyama na maharage, na kuigeuza kuwa yurea. Yurea hiyo huchukuliwa na damu mpaka kwenye figo, nazo huitoa kwa mkojo. Figo zetu mbili, kila moja kama ngumi ya mtu, huchuja lita 180 hivi za maji ya damu kwa siku moja. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo tunazokojoa. Kazi hiyo haisimami, hata usiku tukiwa tumelala.

Figo zikifa, hapo ndipo damu inachafuka kwelikweli. Mgonjwa huvimba, hutapika, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Katika hospitali kubwa yupo mgonjwa wa namna hiyo anayesafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila wiki, na kila mara hulazwa hapo kwa muda wa saa nne hivi. Basi tuulizane. Ikiwa mashine ya gharama kubwa, yenye wauguzi na mafundi, inahitaji saa nne kufanya sehemu tu ya kazi ya figo, kijiko cha maji machungu kutoka kwenye chupa isiyo na maandishi kinaifanyaje?

Watu hunijibu kwa kusema, "Lakini nimeona kwa macho yangu uchafu ukitoka!" Jibu hili lina nguvu, kwa sababu ni kweli kwamba kuna kitu kimetoka. Mara nyingi ni maji ya manjano au ya kijani, na watu husema nyongo imetoka. Ndugu zangu, nyongo si uchafu wa ugonjwa. Ini hutengeneza nyongo kila siku, nusu lita hadi lita moja, ili itusaidie kusaga mafuta. Katika siku za kawaida hubadilika rangi polepole inaposafiri kwenye utumbo, na ndiyo inayokipa choo rangi ya kahawia. Mtu akiharishwa kwa nguvu, nyongo hupita mbio kabla haijabadilika, naye huiona ikiwa bado kijani. Hata mtu mwenye afya kamili, asiye na ugonjwa wowote, akinywa dawa ya kuharisha ataona rangi hiyo hiyo. Akinywa kesho tena, ataiona tena. Muuzaji anajua hilo, na ndiyo maana anakwambia uangalie.

Wengine wameambiwa kwamba kuna uchafu wa miaka mingi ulioganda kwenye kuta za utumbo kama masizi kwenye sufuria. Hapa akina mama wanaotayarisha supu ni mashahidi wazuri kunishinda mimi. Mnapoukamua utumbo mwembamba wa mbuzi na kuusuuza kwa maji, je, mnakuta masizi ya kukwangua? Kilichomo hutoka. Utumbo wa mwanadamu nao ni hivyo hivyo. Tena ngozi yake ya ndani hujibadilisha yenyewe, ya zamani ikabanduka na mpya ikaota, kila baada ya siku chache. Uchafu wa miaka kumi hauna mahali pa kushika.

Najua wazee watasema: "Sisi tulipewa haluli na mafuta ya nyonyo tangu utoto, na tuko hai." Ni kweli, na mimi sibishani na uhai wa mtu. Haluli, mafuta ya nyonyo na sanamaki ni dawa za kweli. Zina kazi yake, nayo ni kumsaidia mtu aliyefunga choo. Kosa ni kudhani kwamba kulegeza choo ni kusafisha damu. Tena imani hii haikuzaliwa kwetu peke yetu. Hata Wazungu waliishika kwa miaka mingi, na waliilipia. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipougua koo mwezi Desemba mwaka 1799, madaktari wake walimtoa damu nyingi, wakampa dawa za kuharisha na kutapika ili kumtoa uchafu, naye akafa usiku wa siku hiyo hiyo ya matibabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja mkubwa wa upasuaji wa London, Arbuthnot Lane, aliamini kwamba choo kinapokaa tumboni hutia sumu kwenye damu, akawa anawakata watu utumbo mpana wote. Kuanzia mwaka 1919 madaktari wa Marekani, mmojawao akiwa Walter Alvarez, walionyesha kuwa kichwa kuuma na uzito wa mwili anaousikia mtu aliyefunga choo hutokana na utumbo kutanuka, wala si sumu. Katika jaribio moja la miaka hiyo, watu wazima wenye afya walitiwa pamba katika njia ya choo, wakapata dalili zile zile. Pamba haina sumu. Ilipotolewa, nafuu ilikuja haraka.

Hivyo mtu anayesema "nimejisikia mwepesi" baada ya kuharisha hasemi uongo. Utumbo umebaki mtupu, na maji yamempungua. Akipimwa kwenye mizani atakuta kilo zimeshuka, lakini ni maji, na zitarudi akila na kunywa. Na wasomi wamekwisha kuyachunguza haya. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Australia walichapisha mapitio ya tafiti zote walizozipata juu ya vyakula na vinywaji vya kuondoa sumu, wakasema hawakukuta hata jaribio moja lililofanywa kwa taratibu bora za kulinganisha, la kuthibitisha kwamba bidhaa hizo zinaondoa sumu. Miaka sita kabla yake, vijana wanasayansi wa Uingereza waliwauliza watengenezaji wa bidhaa 15 swali moja dogo: mnaondoa sumu gani? Hawakupewa jibu lenye ushahidi. Swali hilo halihitaji shule. Kila mwananchi anaweza kumwuliza muuzaji pale gulioni, mbele ya watu: hiyo sumu inaitwaje?

Sasa nije kwenye madhara, kwa sababu kama ingekuwa ni hasara ya fedha tu nisingeandika kwa urefu hivi.

Mwaka jana mama mmoja wa makamo aliletwa zahanatini kwa bodaboda, ameshikiliwa na mwanawe. Alikuwa na shinikizo la damu na alikuwa anameza vidonge kila siku vizuri kabisa. Muuzaji alimwambia kwamba vidonge vya hospitali ndivyo sumu yenyewe, aviache mpaka dozi ya kusafisha iishe. Siku ya tano ya kuharisha hakuweza kusimama. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, miguu haina nguvu. Mtu akiharisha hivyo hapotezi maji peke yake. Hupoteza chumvi na madini ya potasiamu, na potasiamu ikipungua sana moyo huweza kupiga ovyo au kusimama. Tulimwekea dripu, tukampa rufaa. Alikaa hospitali wiki moja, akapona. Familia iliuza magunia mawili ya mahindi. Muuzaji alikuwa amekwisha kuhamia gulio jingine.

Wapo wengine wa kuogopewa zaidi. Mjamzito asipewe kabisa dawa hizi. Mtoto mdogo akiharishwa huishiwa maji kwa saa chache tu. Mwenye maumivu makali ya tumbo, hasa upande wa kulia chini, huenda ana kidole tumbo kilichovimba, na dawa ya kuharisha inaweza kukipasua. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akiharisha sana, vidonge hupita bila kufanya kazi, halafu mimba ikiingia lawama zinakuja kwetu. Anayemeza dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI asikubali kuziacha hata siku moja kwa maneno ya mtu wa kipaza sauti.

Na neno "ni ya asili" lisitutulize. Mimi siidharau miti shamba. Kwinini ilitoka kwenye gamba la mti. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels nchini Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki kupunguza unene walipewa majani ya Kichina yaliyochanganyika na mmea wenye sumu. Wanawake wapatao 100 waliharibika figo. Walitaka wembamba, wengi wao wakaishia kwenye ile mashine niliyoitaja.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba sumu za kweli tunazo, zina majina, na hakuna anayezitangaza kwa kipaza sauti. Sumukuvu ni mojawapo. Hutoka kwenye ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 iliwaua watu 125 nchini Kenya. Kupika hakuiondoi, na hakuna juisi ya kuitoa. Kinga yake ni kuanika mahindi juu ya turubai wala si kwenye udongo, kuyakausha barabara, kuyaweka juu ya chaga, na kutupa yaliyoota ukungu, hata kama roho inauma. Sumu nyingine ni dawa za kunyunyizia pamba na mboga. Nimekuta nyumba ambamo chupa yake imesuuzwa ikawekwa mafuta ya taa, na nyingine maji ya kunywa. Mtu aliyeingiwa na dawa hizo hahitaji kusafishwa tumbo na jirani. Anahitaji kuvuliwa nguo, kuoshwa kwa sabuni na kukimbizwa kituoni, ambako ipo sindano ya atropini. Kisha iko zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaoichoma jikoni watoto wakiwa wamekaa pale pale. Na mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa sawasawa.

Kuhusu minyoo, maana wengi husema "nasafisha tumbo" wakiwa na maana hiyo: kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 hutosha kwa minyoo mingi ya kawaida, na watoto hugawiwa shuleni. Choo safi kitalinda utumbo wenu kuliko chupa ya gulioni. Wazee wetu walichimba vyoo kwa wingi katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Vingine vimebomoka na havijachimbwa upya.

Anayefunga kwa ajili ya Mungu, katika Ramadhani au Kwaresima, huyo simgusi. Yeye hauzi kitu.

Kwa viongozi wa vijiji nina ombi. Tangu mwaka 2002 ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mtu akija kuomba nafasi ya kuuza dawa siku ya gulio, aonyeshe karatasi zake kwanza, kama mwenye duka anavyoulizwa leseni.

Na kama nyumbani kwako yuko mtu aliyekwisha kunywa na bado anaharisha, mwache aache dawa hiyo mara moja. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, au utengeneze kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vimesawazishwa. Anywe kidogo kidogo kila mara. Akizimia, akiacha kukojoa, akitoa damu, au moyo ukimwenda mbio, msisubiri asubuhi. Mleteni zahanati, na mje na ile chupa ili tuione. Hatutamgombeza.