TAMKO LA TAWI: MLANGO WA BWENI UFUNGULIWE NA ALIYE NDANI

Ndugu Wanachama,



Kamati ya Tawi imekaa na kujadili usalama wa watoto wetu katika shule za sekondari za serikali. Msimu wa mpunga wazazi wengi wa bonde hili huhamia shambani kwa wiki nyingi, na mtoto wa sekondari hubaki bwenini au hosteli. Tunaondoka tukiwa tumemkabidhi kwa mlango mmoja na mtu mmoja mwenye ufunguo. Swali letu ni jepesi: moto ukiwaka usiku wa manane, ufunguo uko wapi?

Hatuulizi ili kutishana. Juni 1994 moto uliua wasichana wapatao 40 bwenini katika Sekondari ya Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni katika Sekondari ya Idodi, mkoa jirani wa Iringa. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa kujisomea usiku. Nchini Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Bweni lile lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Mwaka 2008 Kenya walitoa mwongozo wa usalama wa shule: bweni liwe na mlango kila mwisho na wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje na isipungue upana wa futi 5, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2. Ni mwongozo mzuri. Hata hivyo Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Kitabu kilichofungiwa kabatini hakimtoi mtoto kwenye moshi. Ndiyo maana Tawi halidai waraka mpya. Linadai ukaguzi, mlango kwa mlango.

Tunaijua hoja ya walimu na ya wazazi wenzetu, nayo ina uzito: ukiondoa kufuli na nondo, wezi wataingia, mabinti watasumbuliwa, watoro watapata njia. Mwenye binti bwenini hawezi kuipuuza. Lakini mlango unaweza kuwa na komeo la ndani, ambalo mtu wa nje hawezi kulifungua na mwanafunzi anaweza kulifungua gizani. Nondo kama haziondoki leo, ziwekwe kwenye fremu yenye bawaba inayofunguliwa kwa ndani. Mafundi wa kuchomelea wa hapa Ifakara wanaiweza kazi hiyo. Mtoro atafutiwe adhabu yake, wenzake wasifungiwe kwa ajili yake.

Bondeni kwetu kuna adui wa pili, nayo ni maji. Mto Lumemo ukifurika hauulizi kama leo kuna mtihani. Masika ya 2024, Waziri Mkuu alilieleza Bunge mwezi Aprili kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini. Kila shule ijue mapema nani anatoa amri ya kuondoka, wanafunzi wapite njia ipi, wakusanyike mahali gani pa mwinuko, na nani atawahesabu.

Namba ya Zimamoto ni 114, na kila mwanafunzi aijue. Lakini moto wa magodoro hausubiri gari lifike Mang'ula wala Mlimba. Dakika za kwanza ni za waliopo hapo hapo.

Tawi linadai yafuatayo:

1. Bodi ya kila shule ikague mabweni na hosteli zake pamoja na askari wa Zimamoto kabla muhula ujao haujafunguliwa, na matokeo yasomwe mbele ya wazazi.
2. Kila bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje. Usiku isifungwe kwa kufuli.
3. Wanafunzi wahesabiwe kila usiku, na nakala ya orodha ikae nje ya bweni.
4. Kila muhula lifanyike zoezi moja la kutoka bwenini usiku. Hata rimu ya gari iliyotundikwa mtini inatosha kuwa kengele, mradi wote waujue mlio wake.
5. Mshumaa na kibatari visiingie bwenini. Umeme ukikatika, iwepo taa ya sola.

Fedha je? Tangu Januari 2016 serikali inafidia ada, Sh 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 70,000 kwa wa bweni. Tusidanganyane, fedha hizo zina kazi nyingi. Kwa hiyo milango iingie kwenye bajeti za Halmashauri ya Mji wa Ifakara na ya Mlimba kwa jina lake na kiasi chake. Ikiandikwa "ukarabati" tu, itaishia kwenye rangi ya ofisi. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hoja hii imfikie sasa.

Kwa hiyo, kila mwanachama mwenye mtoto bwenini afike shuleni, aombe kwa heshima kuonyeshwa mlango, na aulize ufunguo wa usiku anao nani. Hatuendi kugombana na walimu. Wengi wao wanalala umbali wa hatua chache kutoka kwenye hatari hiyo hiyo. Majibu yatumwe kwa Katibu, bila picha za wanafunzi. Tutayajumlisha shule kwa shule na kuyakabidhi kwa diwani kwa maandishi, na atakachojibu tutawaletea hapa hapa.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi,
Ifakara.