Buti Weka, Gwanda Rudisha

Wapo wenzangu niliokwenda nao vitani Kagera ambao hawatapenda maneno haya. Nayasema hivyo hivyo. Mtu akitoka jeshini aweke mabuti, chupa ya maji, shanta na blanketi, maadamu ameruhusiwa kuondoka navyo. Gwanda alirudishe siku ile ile.

Niliporudi Shinyanga mwaka 1979, mgambo aliyemaliza kazi baada ya Iddi Amin kufukuzwa, vitu hivyo vinne ndivyo vilivyokuwa mali yangu. Chupa ilikuwa ya bati jepesi, imevishwa kitambaa kizito. Ukikilowesha kitambaa asubuhi na kuitundika chupa penye upepo, maji hubaki baridi mpaka mchana, kwani kitambaa kinapokauka huondoka na joto. Mtu anayepalilia pamba katika jua la Shinyanga hahitaji kuelezwa zaidi.

Mabuti niliyatunza kwa mafuta ya ng'ombe, nikayavaa kwa uchache. Miaka ya tisini nilikwenda nayo kutafuta dhahabu Nyarugusu, huko Geita, ambayo wakati ule ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Wengi walishuka duarani kwa katambuga, wengine pekupeku. Siku moja jiwe liliponyoka kwenye ndoo likaniangukia mguu wa kushoto. Nilichechemea wiki moja, basi. Wiki iliyofuata jiwe dogo kuliko lile lilimsaga vidole viwili kijana tuliyekuwa naye. Hakushuka tena.

Sasa gwanda. Gwanda huchimba nini? Hubeba nini? Uraiani kazi yake ni moja, kutisha. Nimemwona mzee mwenye umri wa baba yangu akimwambia kijana "Shikamoo afande" kwa ajili ya shati tu. Na usiku mmoja huko machimboni walikuja watu watatu wamevaa magwanda, wakatuamuru tulale kifudifudi, wakabeba viroba vyetu vya mawe. Tulikuwa zaidi ya ishirini, baadhi yetu tumepita vitani, na hakuna aliyenyanyua mkono. Baadaye ikajulikana kwamba hata mmoja wao hakuwa askari. Gwanda mojawapo lilitoka kwa mstaafu aliyeliuza kwa bei ya debe la mahindi.

Wenzangu husema, "Lile ni kumbukumbu yetu." Kumbukumbu gani hiyo inayouzwa mnadani? Mimi ninalo kovu begani, linanitosha. Sheria inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Jirani zangu walinung'unika kwamba muda ni mfupi. Mimi nilijiuliza siku saba zote ni za nini, kuvua shati?

Chupa yangu ingalipo. Mjukuu wangu huenda nayo machungani, na kitambaa chake tumekwisha kukibadili mara tatu.